Mizizi Iliyoingia Kwenye Supu

Sehemu ya tisa

Mlionifuata hadi Jumamosi iliyopita mliniacha kitandani, kwangu Lemara hapa Arusha, miguu juu ya mto, nahesabu siku kama mfungwa. Aliyenikuta leo nitamvuta kwa maneno machache, maana wiki hii sina muda wa kuremba.

Naitwa Kandida, Mchaga wa Rombo, Mkatoliki. Mume wangu ni Eliud Sumari, Mmeru, Mlutheri tangu tumboni mwa mama yake. Miaka saba ya ndoa, mtoto hakuna. Tukaingia kliniki moja ya uzazi hapa mjini. Yai langu na mbegu yake vikakutanishwa maabara, tukapata viinitete vitatu. Cha kwanza walikipandikiza, hakikushika. Cha pili hakikushika. Cha tatu kiliwekwa kwenye mfuko wangu wa uzazi siku ya Jumanne, na daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba mayai yangu mengine hayana matumaini tena. Hicho ndicho. Hakuna cha nne.

Na dhambi yangu mnaijua. Nilidanganya watu wawili.

Dokta Philemoni wa kliniki alinipa vidonge vya homoni, akanipa na vingine vidogo vyeupe vya kupoza kinga ya mwili. Akaniuliza, "Kuna dawa nyingine yoyote unatumia? Ya kienyeji, ya Kichina, yoyote?"

Nikamjibu, "Hakuna, daktari."

Wakati huo nilikuwa na miezi miwili nikinywa dawa za Daktari Lin, Mchina mwenye duka la mitishamba Ngarenaro. Naye aliponiuliza kama natibiwa hospitali, nikamwambia nimeacha, nimechoka na sindano. Mfa maji haishi kutapatapa.

Lin alinipata kwa maneno yake. Aliniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akanitazama ulimi, akasema kwa Kiswahili chake cha miaka kumi na moja ya Arusha: "Mwili una askari. Wakilala, ugonjwa unaingia. Wakizidi ukali, wanampiga mpaka mgeni. Mtoto nusu ni wewe, nusu ni mume. Askari wako hawajui hiyo nusu ya mume. Dawa yangu inawapatanisha."

Nusu mgeni. Niliondoka pale nikilia, kwa sababu miaka saba nimekuwa hivyo hivyo nyumbani kwa akina Sumari.

Dawa zenyewe ni mizizi, magome na vitu vikavu nisivyovijua, vimefungwa kwenye karatasi za kaki. Vyenye uzi mweupe ni vya nusu ya kwanza ya mwezi wa hedhi, vya kuitembeza damu. Vyenye uzi mwekundu ni vya nusu ya pili, vya kushikilia. Unachemsha kifurushi kimoja kwa siku, basi.

"Ukivuka katikati ya mwezi," Lin alinisisitizia, "uzi mweupe usiguse kabisa."

Sikuugusa. Lakini sikuutupa pia. Vifurushi vitano vya uzi mweupe nilivisukuma nyuma ya debe la unga kabatini, pamoja na vile vyekundu nilivyokuwa naendelea navyo kwa siri. Niseme ukweli wote? Vile vyeupe niliviweka kwa ajili ya mwezi unaofuata. Kiinitete changu cha mwisho kilikuwa tumboni, na mimi mama yake nilikuwa nimeshaanza kujiandaa kushindwa.

Sasa twende.

Siku ya tisa tangu nipandikizwe ilikuwa Alhamisi. Eliud alikuwa Babati kikazi. Saa nne asubuhi nikasikia geti linagongwa.

"Hodi humu!"

Sauti ile hata kaburini ningeijua. Mama mkwe.

Aliingia na mkungu wa ndizi kichwani, dumu la maziwa mkono mmoja, na mkono wa pili paja la mbuzi limefungwa kwenye jani la mgomba. Ameshuka nayo yote kutoka kijijini kwao Poli, na umri wake ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umelala na jua liko pale? Eliud kaniambia mgongo."

"Ndiyo mama, mgongo."

"Mgongo wa nini na wewe hulimi?"

Nikacheka kidogo, kama anavyocheka mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake. Mimi na Eliud tulikuwa tumekubaliana: mama asijue habari za maabara. Yeye alishasema mbele ya watu kwamba mtoto anatoka kwa Mungu, hatolewi kwenye friji kama samaki.

Alinitazama pale kitandani, akatazama na ile miguu yangu juu ya mto. Uso wake ukalegea.

"Lala," akasema. "Leo napika mimi."

Wasomaji wangu, mama yule alikuwa hajawahi kunipikia. Hata siku ya msiba wa baba yangu alinipa chakula kwa mkono wa mtu mwingine. Nilivuta shuka nikajifunika mpaka kidevuni, nikasikia sufuria zinalia jikoni, nikajiambia, Kandida, leo umeolewa.

Saa saba aliniletea bakuli. Supu ya mbuzi, nyeusi kidogo, chungu. Uchungu haukunishtua. Huku kwetu, kwa Wameru na Wamasai, supu ya mbuzi bila mizizi ni maji ya kuoshea sufuria.

"Kunywa ingali moto. Hii inafukuza mgongo."

Nikamaliza. Akajaza tena. La kwanza nilikunywa kwa njaa. La pili nilikunywa kwa furaha tu, yeye amekaa pembeni ya kitanda ananitazama.

"Mama, supu imekubali kweli. Umekuja na mizizi ya huko juu?"

"Nije nayo ya nini na wewe unayo? Nilikuwa natafuta unga, nikaiona nyuma ya debe. Mizizi mizuri, imefungwa kama ya yule Mmasai wa soko la Kwa Mrombo. Kumbe una akili, wewe mtoto."

Bakuli lilinitoka mkononi likaanguka kwenye shuka.

"Uliweka ipi, mama?"

"Ipi nini?"

"Ya uzi gani?"

"Uzi wa nini? Nimeweka yote. Mizizi si chumvi kwamba itazidi."

Vitano vyeupe, vitatu vyekundu. Dawa ya siku nane kwenye sufuria moja, na ndani yake ile iliyokatazwa, ile ya kuitembeza damu. Nami nina mabakuli mawili tumboni, jirani kabisa na kile nilichokuwa nakilinda hata nisikohoe kwa nguvu.

Niliogopa hadi masikio yakaziba. Nilimwona mama anasema kitu, simsikii. Nikakimbilia chooni, mimi niliyeambiwa nisikimbie, nikapiga magoti, nikaingiza vidole vyote viwili kooni.

Supu ilitoka kidogo tu. Nyingi ilikataa.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe amesimama mlangoni. Ananitazama. Anatazama sinki. Ananitazama tena.

Halafu akapiga kigelegele.

"Mama, siyo hivyo..."

"Unatapika! Mgongo, mgongo, kumbe! Mlikuwa mnanificha mimi?"

"Mama nisikilize kwanza..."

"Nyamaza, usiseme kwa nguvu, utamshtua!" Akapiga magoti palepale koridoni, mzee wa miaka sabini na kitu, akamshukuru Mungu kwa Kimeru, machozi yanamtoka. Mimi nimekaa chini na matapishi kidevuni, nashukuriwa.

Kabla sijaosha uso alishampigia Eliud. Kabla sijabadili shuka alishampigia mchungaji wa usharika wao.

"Jumapili nitakuwa na neno la shukrani, mchungaji. Ndiyo. Ndiyo, kwa Eliud. Mungu amekumbuka."

Ningeweza kusema. Dakika ile ile ningesema, mama, ile haikuwa mizizi ya supu. Lakini swali la pili lingekuwa, ilikuwa ya nini. Na la tatu, kwa nini. Nikanyamaza.

Ijumaa alfajiri niliona damu.

Matone mawili, rangi ya kutu. Nilikaa chooni nikiyatazama hadi miguu ikafa ganzi. Nikamdanganya mama kwamba naenda kufuata dawa ya mgongo, nikaita bajaji, nikamwambia dereva aende polepole kama amebeba mayai. Akaniuliza twende wapi.

Mtu mwenye akili angesema kliniki. Mimi nikasema Ngarenaro.

Dukani nilimkuta Nashipae, dada wa Kimasai anayempimia Lin dawa kwenye mizani.

"Dada Kandida, mbona unatetemeka hivyo?"

"Mwite daktari."

Lin alitoka nyuma ya pazia, akanikalisha, akaweka vidole vyake vitatu mkononi mwangu. Nikaanza kumwaga. Supu, uzi mweupe, matone. Halafu lile lililokuwa chini ya yote.

"Hospitali sikuacha, daktari. Nilikudanganya."

Vidole vyake vikatulia.

"Hospitali wameweka mtoto?"

"Ndiyo. Leo siku ya kumi."

"Na dawa ya hospitali unakunywa?"

"Ndiyo."

"Ya kupoza askari?"

"Ndiyo."

"Na yangu pia unakunywa. Kila siku."

"Ndiyo."

Aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu. Akavua miwani. Nilikuwa nikisubiri afungue droo mojawapo kati ya zile droo zake mia, atoe kitu kimoja cha kunirudisha juzi. Badala yake aliongea na Nashipae kwa sauti ya chini, akaletewa karatasi, akaanza kuandika. Nashipae akawa anaandika pembeni kwa herufi zetu.

"Mimi nilipima dawa ya mwanamke mwingine," Lin akasema bila kuinua macho. "Mwanamke bila hospitali. Wewe simjui. Wewe leo ndiyo naona."

"Nipe ya kuzuia damu. Nakuomba."

"Hapana."

"Daktari, ni cha mwisho. Sina kingine."

"Leo sikupi hata jani moja. Majina yote ya dawa yako hapa. Nenda hospitali sasa hivi, mpe daktari."

Nilimchukia dakika ile. Leo nasema ndiye mtu wa kwanza katika habari hii yote aliyefanya linalotakiwa.

Nashipae alinisindikiza hadi kwenye bajaji. Alikuwa amenishika kiwiko kama mgonjwa.

"Dada, mficha uchi hazai," akaniambia. "Nenda ukaseme yote. Siyo nusu. Yote."

Dokta Philemoni aliisoma karatasi mara mbili. Ni mtu mpole, wa kutania wagonjwa. Siku hiyo hakutania.

"Miezi miwili?"

"Ndiyo, daktari."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hii naifahamu, inasemekana inafanya damu iwe nyepesi. Hizi mbili sizijui kabisa. Na hii hapa, kwa wingi uliochemshiwa, naogopea ini lako."

"Imemuua mtoto wangu?"

"Kandida, sijui."

"Niambie tu."

"Nakwambia. Sijui. Matone siku ya kumi anayapata hata mtu ambaye hajaonja kitu. Inaweza kuwa mimba inajishikiza. Inaweza kuwa inaachia. Kwa macho yanafanana."

Nikamwambia kuhusu askari na mgeni. Nilidhani atacheka.

"Siyo maneno ya ovyo," akasema. "Kinga ya mama ina kazi yake pale mimba inapojishikiza, hilo lipo. Ila namna ya kuituliza, hata sisi wenyewe tunabishana. Hivyo vidonge vyeupe nilivyokupa, wapo wenzangu wanaosema havisaidii kitu. Mitishamba yake nayo kuna wanaoifanyia utafiti na kuna wanaoipinga. Tungeweza kubishana mimi na yeye mpaka kesho. Lakini kila mmoja wetu alikuwa anakuwekea mzigo bila kujua mwenzake ameshakutwisha."

Wakanitoa damu. Nikakaa kwenye benchi saa mbili nzima, nimebana mapaja, nasali Salamu Maria bila kumaliza hata moja.

Aliniita mwenyewe.

"Una mimba."

Nilishika kona ya meza.

"Usipige kelele bado. Namba ya homoni ya mimba ni arobaini na moja. Ni ndogo. Jumapili asubuhi tunapima tena. Ikikaribia themanini, tunapumua kidogo. Ikishuka..." Akageuza karatasi. "Na ini tunalipima tena pamoja. Vifurushi vilivyobaki kama vipo, choma moto."

"Havipo. Viliisha vyote kwenye supu."

Akaiweka karatasi ya Lin kwenye faili. "Mumeo anajua habari za hii supu?"

"Atajua."

"Mwambie kabla ya Jumapili. Faili ni lenu wote wawili. Mimi sitamtafuta nimchongee, lakini nikiongea naye sitamficha."

"Nitamwambia, daktari. Naapa."

Naapa. Jamani, mimi na viapo.

Nilirudi Lemara nikamkuta mama mkwe ameshafua mashuka yangu, ameshapiga deki. Hakuniruhusu hata kuinama kuvua viatu. Alinivua yeye. Usiku kucha kila nilipogeuka nilimsikia chumba cha pili ananong'ona maombi, na kila baada ya saa moja nikaenda chooni kutazama. Tone moja. Hakuna. Tone moja.

Jumamosi mama alipanda kwao mapema kuandaa mambo ya Jumapili. Mchana Eliud akaingia kutoka Babati. Hakuweka hata begi chini.

Nilimwambia arobaini na moja. Akakaa sakafuni, akalia kama mtoto, mwanaume wa futi sita.

Nilimwambia kuhusu matone na kipimo cha Jumapili. Akaacha kulia, akakamata mikono yangu yote miwili.

Nikafungua mdomo nimwambie la tatu. Nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi, sentensi kwa sentensi. Eliud, nilikuficha jambo.

"Eliud..."

"Na mama amekupikia," akasema. Uso wake wote umewaka. "Kanisimulia kwenye simu. Eti mabakuli mawili. Miaka saba, Kandi. Nilikuwa nasali kwa ajili ya hilo kuliko hata kwa ajili ya mtoto, usinicheke."

Sikumcheka. Nilifunga mdomo, nikayameza yote.

"Tumzuie mama kesho," nikasema baadaye. "Haijawa ya uhakika. Damu inatoka, Eliud."

"Tumwambie nini? Kwamba tunasubiri namba? Namba za nini, atauliza."

"Useme naumwa."

"Ukiumwa ndiyo atashukuru zaidi."

Alisema kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa imefika ukutani.

Jumapili saa moja asubuhi nilitoa damu. Eliud alibaki kwenye gari akijibu simu za ndugu, na nilimshukuru Mungu kwa zile simu. Dokta Philemoni alikuwapo, alinitazama kwa kuuliza. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, nimeshamwambia. Hata mdomo sikuufungua. Kufikia hapo kichwa changu kilikuwa kinadanganya chenyewe.

"Majibu kabla ya saa tano," akasema. "Nitapiga."

Tukapanda Poli. Njiani nilizima simu yangu. Nilijua nikiyapokea majibu nikiwa katikati ya watu wale nitaanguka. Nikajiambia nitaiwasha tukirudi, nikiwa peke yangu.

Kanisa lilijaa. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba cha kwenda harusini. Alinikalisha benchi la pili, upande wa ukoo, mahali ambapo sijawahi kukalishwa. Katikati ya mahubiri nilihisi tumbo linanivuta. Nikatoka nikazunguka nyuma.

Haikuwa rangi ya kutu tena. Ilikuwa nyekundu.

Nilirudi nikakaa. Sikumwambia Eliud. Nilikunja ngumi ndani ya mkoba, nikamwambia yule aliye tumboni, shika, tafadhali shika, mimi nimekosea lakini wewe shika.

Baada ya matangazo mchungaji akamwita mama Sumari mwenye neno la shukrani. Mama akasimama, jogoo mkono mmoja, vijana nyuma yake na mkungu wa ndizi. Alipofika mbele akaugeuza uso wake kwetu.

"Na mke wa mwanangu aje."

Eliud alinisaidia kusimama. Nilitembea hatua ndogo ndogo, nimebana miguu, watu wanapiga makofi wakidhani ni mapozi ya mjamzito. Mama akampa mtu jogoo, akapokea kipaza sauti, mkono wake mwingine akauweka begani kwangu.

"Bwana asifiwe."

"Ameni!"

"Sitasema mengi. Huyu mnayemwona, miaka saba nilimwita mgeni. Nilisema, mkinisikia, kwamba tumbo la Mchaga limeukataa ukoo wetu. Nimekuja kuomba msamaha mbele ya Mungu na mbele yenu. Na mbele yake."

Akanigeukia. "Nisamehe, mwanangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilitikisa kichwa, na watu wakafikiri ni furaha. Kwaya ikainuka, mwalimu akawapa sauti.

Hapo ndipo nilipomwona Eliud anatoa simu mfukoni.

Aliitazama. Akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, simu sikioni. Niliyasahau kabisa hayo: namba ya simu ya mume nayo iko kwenye faili. Daktari akinikosa mimi, anampigia yeye.

Dirisha la upande ule lilikuwa wazi. Nilimwona amesimama kwenye nyasi, amenipa mgongo. Akasikiliza. Akainamisha kichwa. Akaweka mkono kichwani. Nilitafuta kwenye ule mgongo dalili yoyote, ya mtu aliyepata au ya mtu aliyepotelewa, nikakosa. Akasema kitu kifupi. Akasikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu.

Halafu akakaa chini kwenye majani na suti yake ya Jumapili.

Kwaya ilikuwa inaimba ubeti wa pili aliporudi. Hakupita pembeni. Alipita katikati ya kanisa, moja kwa moja, na watu wakawa wanamwachia njia wakitabasamu, baba mtarajiwa anakuja kusimama na mkewe. Ubeti ukaisha. Alifika mbele yangu, karibu sana. Mama bado ameshika kipaza sauti kati yetu.

"Kandida," akasema. "Ulikunywa nini?"

Kipaza sauti kiliisambaza hadi benchi la mwisho.

Nilimtazama machoni niisome ile namba. "Daktari kasemaje?"

"Nimekuuliza, ulikunywa nini?"

"Eliud, kasemaje kuhusu mtoto?"

Mimi nahisi joto linashuka pajani, taratibu, na sijui kama namzika mtu au namsubiri.

Mama mkwe akacheka. Maskini, alidhani ni utani wa mume na mke. Akasogeza kipaza sauti mdomoni mwake.

"Si supu yangu! Mabakuli mawili. Nilipika mimi mwenyewe kwa mikono hii, na mizizi nikaweka mimi."

Eliud akageuza shingo polepole akamtazama mama yake. Sijawahi kumwona mtoto akimtazama mama yake hivyo.

Hapo nikaelewa. Daktari kamwambia mitishamba, kamwambia supu, akidhani mengine nimeshasema mwenyewe. Lakini bado hajajua mizizi ilikuwa ya nani. Hakuna ajuaye mle ndani isipokuwa mimi. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yangu, na kupita ilikuwa rahisi, ni kunyamaza tu. Yule mzee angebeba yote, na asingejua hata amebeba nini. Nasema haya kwa aibu: nilinyamaza. Nilihesabu pumzi tatu, na katika hizo tatu nilikuwa nimeshamwacha abebe.

Mama alinigeukia. Bado anatabasamu, lakini sasa tabasamu lenyewe limeanza kuuliza. Akanikandamizia kipaza sauti mkononi.

"Mwambie, mwanangu," akasema. "Mwambie mumeo nani alikupikia."

Nikafungua mdomo.